Kila Saa Mbili

Katika miaka thelathini na mitatu ya kazi, mke wangu hakuwa na mgonjwa aliyepata kidonda cha kulalia mikononi mwake. Nasema mikononi mwake. Waliokuja navyo walikuja navyo, na wengi waliondoka bila.

Kwa hiyo watu walimwita Mama Mgongo Safi. Jina hilo ndilo lililojenga nyumba hii ninayokaa.

Mtaani hawakuelewa. Nesi wa wodini, asiye na ofisi wala gari, anawezaje kuezeka nyumba ya vyumba vinne na kumsomesha mtoto hadi chuo? Walipika majungu. Mmoja alisema anauza dawa za hospitali. Mwingine akasema siri iko kwangu, kuna kitu natia ndani ya magodoro. Mimi ni fundi magodoro. Kitu ninachotia ni pamba, na pamba ikipanda bei, sufi.

Siri yake haikuwa siri. Aliinama.

"Mtaka cha mvunguni sharti ainame," alikuwa akisema, mkono kiunoni. "Mimi nimeinama, nimekipata. Sasa nani ataninyoosha?"

Nilikutana naye nilipopeleka magodoro wodini. Hospitali ilikuwa imeagiza kumi. Yeye alikuwa nesi mpya, mwembamba, kofia imemkaa upande. Akayabonyeza yote kwa ngumi, moja moja, akatenga matatu.

"Haya uliwashonea wagonjwa au mbuzi?"

"Dada, hayo ni sawa na mengine."

"Lala."

"Mimi?"

"Aliyeshona nani? Lala."

Nikalala, wagonjwa wananitazama, viatu vinaning'inia nje ya kitanda. Akapitisha mkono chini ya nyonga yangu kama mtu anayetafuta ufunguo.

"Hapa pana donge. Kwako ni donge tu, utajigeuza. Kwa asiyeweza kujigeuza, hili ni kidonda. Na kidonda cha mgongo ni kaburi, linachimbwa mtu angali hai."

Niliyafumua yote matatu, nikachambua pamba upya, nikashona. Nikarudi na magodoro matatu na ombi la ndoa. Magodoro aliyapokea siku ile ile.

Nilimwita Sista, kama walivyomwita wagonjwa wake. Yeye aliniita Fundi. Majina yetu ya kuzaliwa tuliyatumia siku ya harusi na kwenye hati ya kiwanja.

Mwaka wa kwanza wa ndoa alinifanyia mazoezi. Mimi ni mtu wa kilo tisini. Yeye hakufika hamsini na tano. Aliniambia nilegee kama maiti, kisha akanigeuza. Goti la mbali alilikunja kwanza. Mkono mmoja begani, mwingine nyongani, akavuta kuelekea kwake, na mimi huyo, nimetazama ukuta bila kujua nimefikaje.

"Kugeuza si nguvu," alisema. "Ni goti na shuka."

Shuka hilo alilikunja mara mbili akalitandika chini yangu, toka mabegani hadi mapajani. Ukitaka kumsogeza mtu, unavuta shuka, humvuti mtu. Ngozi ya mgonjwa haiburutwi. Alinifundisha na kugusa. Vitabu vyao vilisema utafute wekundu. "Ngozi yetu haiandiki nyekundu," alisema. "Gusa kwa mgongo wa mkono. Pakiwa na moto, au pamekuwa pagumu, pameshaanza."

Sikujua kwa nini ananifundisha. Nadhani hata yeye hakujua. Alikuwa mtu wa kufundisha yeyote aliyekaa karibu.

Mshahara wa wodini ulikuwa mshahara wa wodini. Ulifika tarehe tano umeshachoka. Mambo yaligeuka kwa sababu ya jaji mmoja mstaafu, aliyelala miezi minane kwenye wodi yake, miguu imekufa. Familia ilipomrudisha nyumbani ikamwomba Sista awe anapita. Akawa anatoka zamu ya hospitali anaingia zamu ya jaji. Jaji alipokufa, alikufa kwa ugonjwa wa moyo, si kwa kidonda. Waliomwosha walitoka na habari kwamba mgongo ule ulikuwa kama wa mtoto.

Habari za msibani hutembea kuliko za harusini. Simu zikaanza. Kila nyumba yenye geti kubwa ilikuwa na mzee wake aliyelala, na kila mzee aliyelala alimtaka Mama Mgongo Safi. Kisha hospitali binafsi ya kule mlimani ikamwita, ikamlipa kwa zamu, mara tatu ya alichopata wodini. Kuna mwezi alipata kuliko daktari. Daktari mwenyewe ndiye aliyeniambia, siku amekuja kununua godoro. Hakuwa anacheka.

Walitaka kumpa umatroni. Akakataa mara mbili.

"Ofisini kuna kiti," aliniambia. "Kitandani kuna pesa. Na kwenye kiti nitageuza nini, karatasi?"

Muuza nyama wa pale kona alikuwa akinitania kila nikifika. "Mzee, leo unalipa kwa pesa za nani?"

"Za wagonjwa."

"Basi niombe waongezeke?"

"Omba tu. Wa kwanza awe wewe."

Tukacheka kidogo, nikabeba nyama yangu, nikaenda kupika. Aliyepika nyumbani ni mimi. Yeye alikula amesimama, sahani mkononi, kama mtu anayesubiri kuitwa.

Kosa moja nusura limharibie jina, na halikuwa lake. Alikuwa na mgonjwa, mama mzee, nyumba ya watu wa heshima. Ikambidi apumzike siku mbili, kiuno kimekataa. Akawaachia maagizo: mgeuzeni kila saa mbili. Wakaitika. Aliporudi akagusa nyonga ya yule mama, akakuta moto.

"Mlimgeuza?"

"Kabisa, Sista. Kila saa mbili. Saa mbili asubuhi, na saa mbili usiku."

Alikaa na yule mama siku nne bila kurudi nyumbani mpaka ngozi ikapoa. Tangu hapo hakusema tena saa mbili. Alisema "kila baada ya masaa mawili", na kumwambia aliyepo arudie kwa mdomo wake mwenyewe. Mimi nililicheka sana jambo lile. Yeye hakulicheka hata siku moja.

Kitanda chetu hakikupoa miaka mingi. Alfajiri nikitoka mimi, yeye anaingia. Jioni akitoka yeye, naingia mimi, nakuta joto lake na harufu ya spiriti kwenye mto. Nilimwambia tuna ndoa ya walinzi, tunapokezana lindo.

Kwa kuwa alilala mchana, nyumba ilikuwa na sheria. Nilishona kipande cha kitambaa chekundu, masalio ya marudufu, kile kitambaa kizito cha kushonea magodoro, kikawa kinaning'inizwa kwenye kitasa cha chumba. Kitambaa kikiwepo, nyumba inatembea kwa vidole. Binti yetu alijua kunyata kabla ya kujua kukimbia. Rafiki zake walidhani kwetu kuna msiba usiokwisha. Mimi mwenyewe nilijifunza kukohoa ndani ya mto. Hakuna aliyegonga mlango ule. Hata babu yake binti, baba yangu mzazi, aliyekuwa hamnyenyekei mtu, alikiona kitambaa akateremsha sauti.

Niliona ndiyo kazi yangu. Yeye aligeuza watu, mimi nililinda usingizi wake.

Alisema ataacha. Kwanza ilikuwa paa likikamilika. Kisha binti akimaliza chuo. Binti akamaliza, akawa mwalimu wa hesabu, akaolewa mji wa pili. Kisha ikawa kiuno kikikataa kabisa. Kiuno kilikataa, akakifunga mkanda, akaenda nacho.

Mwaka ule wa paa nilimshonea godoro. Pamba tupu, nimeichambua kwa vidole, hakuna donge hata la ukubwa wa punje. La watu wawili. Nikamwambia hili ni la siku utakapoacha, tulale usiku kama watu wengine. Akalibonyeza kwa ngumi, pande zote.

"Fundi, hili umeshonea mtu."

Tukalifunga kwenye nailoni, tukalisimamisha nyuma ya kabati. Likakaa hapo miaka kumi na saba.

Alikuwa na miaka sitini na moja aliposema huyu ni wa mwisho. Bibi mmoja, mjane wa mfanyabiashara.

"Nikimmaliza huyu naacha."

"Mgonjwa anamalizwaje?"

"Kwa kupona au kwa kufa, Fundi. Anayechagua ni yeye."

Nilikuwa nimeshachoka kuuliza. Naye alikuwa amechoka mpaka kope. Vidole vyake havikukunjuka asubuhi mpaka avitie kwenye maji ya moto. Nilimvua viatu mimi, nikakuta miguu imevimba, alama ya soksi imezama kama kamba kwenye furushi.

Siku yenyewe alirudi saa moja asubuhi. Alikunywa chai amesimama.

"Kichwa kizito leo."

"Nenda kalale."

"Naenda. Leo nisiamshwe hata kwa moto."

Akaning'iniza kitambaa, akafunga mlango.

Saa nne fundi wa mageti, jirani yangu, aliwasha mashine ya kukatia chuma. Nikatoka, nikamwonyesha kidole mdomoni, kisha nikalaza shavu kwenye kiganja. Akazima. Alikuwa jirani mwema. Akaenda kunywa chai.

Saa tano nilikuwa ukumbini nachambua pamba. Nikasikia kikombe kinaanguka chumbani.

Nilivua viatu. Ndicho nilichofanya. Niliwaza, ameamka kunywa maji, atalala tena, nisimharibie. Nikavua viatu nitoke nje taratibu. Kimoja kiliniponyoka kikagonga ndoo. Nikasimama kama mwizi. Kimya. Nikashukuru kwa kile kimya, nikatoka, nikaenda kufanyia kazi uani.

Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu. Nimelisikia neno hilo tangu utoto, na siku ile halikunijia.

Saa tisa binti alipiga simu.

"Baba, mama yuko wapi? Simpati."

"Amelala."

"Tangu saa ngapi?"

"Tangu arudi."

Anajua hesabu yule.

"Baba, fungua mlango."

"Kitambaa kipo."

"Baba. Fungua mlango."

Nikafungua. Alikuwa sakafuni, ubavu wa kulia, macho wazi, mdomo umevutwa upande mmoja. Kikombe kilikuwa karibu na mkono. Maji yake yalishakauka.

Fundi wa mageti alinisaidia kumbeba, tukampeleka hospitali kwa gari lake la kubebea vyuma.

Daktari alisema ni kiharusi. Alisema, "Mzee, angefika mapema..." halafu hakumaliza. Madaktari hawaimalizi sentensi hiyo. Wanakuachia ukaimalizie nyumbani.

Walipomruhusu baada ya wiki tatu, daktari yule yule alitukalisha, mimi na binti.

"Upande wa kulia hautarudi. Hataweza kujigeuza. Mjue jambo moja. Wagonjwa wa namna hii wengi hawauawi na kiharusi. Wanauawa na kidonda. Kidonda kikianza, kwa umri wake, sitakuwa na la kufanya."

Binti akaniangalia. Mimi nikaangalia miguu ya kiti. Nilikuwa nawaza mgongo mmoja tu. Wote aliowageuza, na sasa wa kwake hauna mwenyewe.

Akiba yake ilikuwepo, aliiweka mwenyewe kwa kuinama. Binti akaajiri nesi, msichana mmoja, kwa bei ile ile aliyokuwa akitoza mama yake. Msichana alipoitaja bei ile, nilitaka kukaa. Sikuwahi kumuuliza Sista analipwa ngapi. Nilimwuliza tu anarudi saa ngapi.

Msichana alikuwa mpole, safi, anajua kazi. Siku ya tatu nilitoka asubuhi kwenda kununua uzi na marudufu, nikarudi karibu adhuhuri. Nikamkuta Sista amelalia ubavu wa kulia, vile vile nilivyomwacha.

"Amegeuzwa saa ngapi?"

"Baba, amelala vizuri mno. Tangu atoke hospitali hajalala hivi. Sikutaka kumwamsha."

Nikapitisha mgongo wa mkono nyongani. Pana moto.

Sikumkasirikia. Nilimwambia akae, nikamtengenezea chai, nikamlipa mwezi mzima. Akalia. Nikamwambia, "Mwanangu, kosa lako nalijua. Nimelifanya mimi kabla yako." Hakuelewa, akaenda.

Binti akaja mbio.

"Nani atamwangalia sasa?"

"Mimi."

"Baba, una miaka sabini na nne."

"Najua. Nilikuwepo yote."

"Utamwinua kwa nguvu gani?"

"Si nguvu. Ni goti na shuka."

Tukalitoa godoro nyuma ya kabati, tukachana nailoni. Halikuwa na ukungu. Tukalitandika, tukamlaza. Alifumba macho, mkono wa kushoto, ule uliobaki, ukapapasa marudufu, ukabonyeza.

Nilichukua chaki, nikachora ukutani. Mimi sikusoma, lakini chaki naijua, ndiyo ninayopimia vitambaa. Mstari ulioinama kushoto ni ubavu wa kushoto. Ulioinama kulia ni wa kulia. Duara ni chali. Kulia, chali, kushoto, kila baada ya masaa mawili, mchana na usiku, mto mgongoni, mto kati ya magoti, mto chini ya mashavu ya miguu, visigino visiguse kitu. Kulia nilimlaza muda mfupi tu mpaka nyonga ikapoa. Siku ya tano ikapoa.

Nilifunga duka la magodoro. Nilikuwa silali. Ninasinzia nikiwa nimekaa, saa ya kengele imefungwa kwa uzi kwenye kifundo cha mkono ili mlio unitikise. Kiuno changu nacho kikaanza maneno yake. Nikatoa mkanda wake wa kiuno, nikaufunga. Ulinifika nusu. Nikauongezea kipande cha marudufu.

Hapo ndipo nilipojua alikuwa akilipwa kwa nini. Kugeuza mtu mara moja, hata mtoto ataweza. Mara kumi na mbili kwa siku, kesho tena kumi na mbili, mtu akiwa amekunjamana kwa uchungu anakutazama kama adui, na wewe uendelee kusema pole mama, goti hili, taratibu. Hiyo hailipiki. Walilipa walichoweza.

Mwezi wa pili maneno yalianza kumrudia, moja moja. La kwanza lilikuwa "Shuka." Nilikuwa nimemvuta mkono.

"Pole."

"Shuka," akarudia, jicho limenikazia kama siku ya magodoro matatu.

Kisha likaja "goti". Kisha "mikunjo", akimaanisha shuka lina mikunjo chini yake. Akawa matroni wangu. Kitu alichokikataa mara mbili, akakipata amelala.

Siku moja nilipomaliza kumweka vizuri akanitazama muda mrefu.

"Nitakulipa nini?"

"Kitandani kuna pesa," nikasema.

Akacheka na nusu ya mdomo.

Lakini mimi nilikuwa na neno langu, na lilinikaa kooni tangu siku ya kikombe. Binti alijua nimechelewa kufungua mlango. Hakujua kwamba nilisikia. Hakuna aliyejua. Nilikuwa namgeuza, na kila nikimgeuza nasikia ile ndoo.

Nilimwambia mchana mmoja, mwezi wa nne, nikiwa nimekaa kwenye kigoda.

"Sista. Siku ile nilisikia kikombe."

Nikavuta kigoda karibu.

"Nilisikia kikianguka. Nikadhani umeamka kunywa maji. Nikavua viatu, nikatoka nje. Sikugonga. Kitambaa kilikuwepo, sikugonga."

Alikuwa ametazama dari. Alikuwa akitafuta maneno, na kwake kila neno lilikuwa mzigo wa kubeba toka mbali. Nilingoja.

"Nilisikia," akasema. "Viatu."

Nikashika ukingo wa godoro.

"Kimoja. Kikagonga ndoo."

"Ndiyo."

"Nikasema... Fundi huyo. Ananyata."

Sikuweza kumtazama. Alilala sakafuni akinisikia ninavyoondoka. Nilingoja aseme lingine, la kunikata au la kunisamehe. Lolote ningelipokea. Akanyanyua kidole cha mkono wa kushoto, akaonyesha ukuta, kwenye chaki.

"Saa imefika," akasema. "Nigeuze."

Nikakunja goti. Nikamgeuza. Hatukulizungumza tena.

Aliondoka mwezi wa saba, asubuhi, kwa nimonia. Kifua kilijaa kwa siku nne. Nilimgeuza mpaka siku ya mwisho, na mara ile ya mwisho sikujua ndiyo ya mwisho. Nilimweka kushoto, nikaweka mto, nikaenda kuchora mstari. Niliporudi hapakuwa na mtu wa kugeuza tena.

Katika wanawake waliomwosha alikuwemo nesi mkuu wa kule mlimani, ana mvi sasa. Sista ndiye aliyemfundisha kazi. Walikaa ndani. Mimi nilikuwa nje kwenye benchi na wanaume wengine. Akatoka, akafuta mikono, akaja moja kwa moja kwangu.

"Nani alikuwa akimgeuza?"

"Mimi."

"Na usiku?"

"Mimi."

Akanishika mkono, akaugeuza kiganja juu, akatazama makovu ya sindano ya godoro.

"Hakuna hata alama, baba," akasema. "Nimetafuta."

Akarudi ndani. Wanaume wale hawakuelewa tulichozungumza. Muuza nyama alikuwa kando yangu. Aliniwekea mkono begani, na siku hiyo hakuwa na utani.

Binti alitaka kusugua ukuta. Nikamwambia auache. Saa ya kengele niliifungua mkononi, lakini mwili haukufunguka. Bado naamka kila baada ya masaa mawili. Naketi kidogo. Kwa kuwa nimeshaamka, nageuza mto, narudi kulala.

Miezi mitatu baadaye alikuja bwana mmoja na gari, mwenye duka kubwa la vifaa vya ujenzi. Nilikuwa nimefungua duka tena, nashona godoro la mtoto. Alisimama mlangoni, akatazama huku na huku kama aliyepotea njia.

"Wewe ndiye Mzee Mgongo Safi?"

"Aliyekuwa na jina hilo amekufa."

"Pole sana, mzee. Nimeelekezwa kwako na nesi mkuu wa kule mlimani. Baba yangu amelala kitandani mwezi wa tatu sasa. Huyo nesi alisema hakuna nesi anayemwamini kukushinda."

"Mimi si nesi. Sikusoma."

"Alisema hivyo pia." Akajikuna shingo. "Nitakulipa alichokuwa akilipwa mama. Nitaongeza."

Nilikata uzi kwa meno. Nilikumbuka ile bei, nikakumbuka na vifundo vya miguu yake, alama ya soksi.

"Nimechoka, bwana."

"Najua, mzee."

"Hujui. Mnamgeuza?"

"Tunamgeuza sana. Kila saa mbili, kama daktari alivyosema."

Sindano ikasimama.

"Saa mbili ipi?"

Alinishangaa. "Ya asubuhi. Na ya usiku."

Nikavaa koti. Nilichukua chaki, na sindano ya godoro, huenda ikahitajika. Ndani ya gari nikamwambia masharti. Leo nitakwenda kumwona. Godoro likiwa limekufa katikati nitamshonea jingine, atanilipa ya godoro. Sitakuwa nesi wa mtu. Nitamwonyesha yeye, mtoto wa mzee, goti na shuka na ukuta, mara moja, labda mbili, na atakayegeuza ni yeye.

"Mimi nina duka, mzee."

"Hata mimi nilikuwa nalo."

Tukafika. Geti, ua, ngazi tatu, ukumbi wenye makochi yenye plastiki. Mwishoni mwa ukumbi mlango umefungwa. Nikamwuliza mara ya mwisho kugeuzwa ni lini. Akasema asubuhi. Ilikuwa imekaribia saa nane mchana.

Tulipoukaribia ule mlango akateremsha sauti.

"Naona amelala. Tusubiri kidogo hapa, akiamka..."

Alikuwa ameshainama. Alikuwa anavua viatu.

"Vaa viatu," nikamwambia.

Akabaki ameinama vile vile, kiatu kimoja mkononi.

"Vaa viatu, mwanangu. Gonga mlango. Mwamshe."

Akagonga. Nikakunja mikono ya shati.